Barua ya wazi: Mruhusuni mtenda wema aende zake

Kwenu Waheshimiwa: Waziri mwenye dhamana ya Afya, Waziri mwenye dhamana ya Mambo ya Ndani ya Nchi, Inspekta Jenerali wa Polisi, na Waheshimiwa Wabunge.

Shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine salaam.

Mimi ni wakala wa kutoa na kuweka pesa. Kibanda changu kipo kando ya kituo cha daladala hapa Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa tisa. Kazi yangu ni ya kukaa. Mtu anayekaa sehemu moja tangu saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, macho yakiwa barabarani, huona mambo ambayo anayepita na vioo vimefungwa hayaoni. Mojawapo ni watu kuanguka.

Wanaanguka wengi kuliko mnavyodhani. Wapo wanaoangushwa na jua la Januari na Februari. Wapo wa presha, wapo wa kisukari, wapo wajawazito waliosimama ndani ya gari njia nzima kwa sababu hakuna aliyewapisha kiti. Wapo wanaoshushwa gari likiwa bado linatembea: konda anagonga bodi, anasema "shuka na mguu wa kushoto", na mgeni wa jiji anatanguliza wa kulia. Wapo wa kifafa. Wapo walevi, na hao pia wamezaliwa na mama.

Kila linapotokea jambo la kusikitisha nasikia redioni watu wakisema utu umekwisha, siku hizi mtu anaanguka na wenzake wanampita kama gunia. Mimi nakataa. Nikiwa hapa kibandani, mtu akianguka, kabla sijamaliza kuhesabu laki moja ya noti za elfu mbili mbili tayari kuna aliyemfikia. Akiwa ni mwanamke, wa kwanza kufika huwa ni mwanamke mwenzake, na mkononi ana khanga: kwanza ya kumsitiri, halafu ya kumwekea chini ya kichwa, na ikibidi ya kumbebea. Muuza maji anatoa chupa wala haulizi atalipwa na nani. Hayo siyo ya kituo changu tu. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, waliotangulia kuchimba kwa mikono ni wafanyabiashara na wabeba mizigo wa mitaa ileile. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, mitumbwi ya wavuvi ilifika kabla ya wenye sare, na watu 24 walitoka hai.

Kwa hiyo watu wanasimama. Ninachotaka kuwaeleza ni mahali wanapoishia, na kwa nini wanaishia hapo.

Mwaka jana, mwezi wa pili, saa saba mchana, baba mmoja wa makamo alikuwa anavuka kuja upande wangu. Hakugongwa na chochote. Nilimwona akisimama, akashika paji la uso, halafu akaenda chini mzima mzima na kichwa kikapiga ukingo wa mtaro. Damu ikatoka. Mama lishe wa jirani yangu aliacha sufuria ya ugali motoni. Fundi viatu alikuja na kitambaa chake cha kung'arishia, kichafu hivyohivyo, akakandamiza kidonda. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye mpaka siku ile nilimjua kwa kubishana naye chenji tu, alisema: "Mpakizeni." Wakampakiza katikati, mwingine akapanda nyuma kumshikilia, mshikaki. Najua sheria inakataza mshikaki. Gari la wagonjwa lilikuwa wapi?

Walipofika kwenye matibabu, swali la kwanza lilikuwa: "Kaumiaje huyu? PF3 iko wapi?" PF3 ni fomu ya majeruhi inayotolewa na polisi. Kijana akaenda polisi kuifuata, na shati lake lililolowa damu ya watu. Huko nako akaulizwa swali ambalo, nikiwa mkweli, hata mimi ningeuliza kama ningekuwa upande wa pili wa kaunta: "Wewe ndiye uliyemgonga?" Ana pikipiki, ana damu, ameleta majeruhi. Akaambiwa akae. Pikipiki ikazuiwa kwa uchunguzi. Alitoka saa tatu usiku, pikipiki ikatoka baada ya siku mbili, mtoto wa yule baba alipofika kueleza kwamba mzee ana presha na hakugongwa na mtu.

Wanaojua biashara ya boda wanajua maana ya siku mbili. Pikipiki siyo yake, ni ya bosi, na bosi anataka hesabu kila jioni, ilale au isilale. Yule kijana alikuwa anapeleka elfu nane kwa siku. Nilimwazima mimi. Chakula cha nyumbani sikumuuliza alikipata wapi.

Miezi kadhaa baadaye akaanguka mama mmoja, palepale karibu na mtaro. Yule kijana alikuwa hatua kumi hivi. Nilimwona akimtazama. Akavaa helmeti, akapiga kiki, akaondoka. Aliporudi, kama nusu saa baadaye, alipita mbele ya kibanda bila kuniangalia, halafu akarudi mwenyewe akasimama dirishani. "Dada, mimi siyo mtu mbaya," akasema. "Ila ule msala siuwezi tena."

Wahenga walisema tenda wema uende zako. Wahenga hawakuwa na PF3. Kijana yule alitenda wema, tatizo ni kwamba hakuruhusiwa kwenda zake.

Ndugu zangu polisi msinielewe vibaya. Najua kazi ya ile fomu. Mwanamke aliyepigwa na mumewe, mtu aliyegongwa na gari likakimbia, aliyekatwa panga: daktari akijaza majeraha kwenye fomu ndipo kesi inasimama mahakamani. Anayetaka PF3 ifutwe kabisa hajawahi kumsindikiza dada aliyepigwa. Mimi naomba itenganishwe na vitu viwili. Kwanza na mlango wa matibabu. Nimewasikia viongozi zaidi ya mara moja wakisema majeruhi atibiwe kwanza, karatasi ifuate. Maneno mazuri, ila yanasemwa Dodoma, na anayekaa dirisha la mapokezi saa tisa usiku anaogopa lawama ya mkubwa wake kuliko anavyoogopa hotuba. Pili, itenganishwe na mtu aliyembeba mgonjwa. Polisi wako watu wao wa kwenda kuchunguza. Mbebaji siyo kielelezo.

Tusijidanganye kwamba hofu hii ni ya Waswahili. Nanjing, China, mwaka 2006, bibi mmoja alianguka kwenye kituo cha basi, kituo kama hiki changu, akavunjika. Kijana aliyempeleka hospitali alishtakiwa na bibi huyohuyo kwamba ndiye aliyemwangusha. Mwaka 2007 mahakama ilimwamuru alipe sehemu ya gharama, na mojawapo ya hoja za hakimu ilikuwa kwamba kama hakumgonga, kwa nini alijisumbua kumsaidia? Miaka mingi baadaye ilikuja kutangazwa kwamba kijana mwenyewe alikubali kuwa waligongana kweli. Lakini wakati huo sumu ilishaingia. Watu wa China nzima walikuwa wameshika fundisho moja: mzee akianguka, pita. Mwaka 2011, mji wa Foshan, mtoto wa miaka miwili alikanyagwa na gari sokoni na kamera ikaonyesha watu 18 wakipita. Aliyemwinua alikuwa wa 19, mama mwokota taka. Mwaka 2017 ndipo walipoweka kwenye sheria ya madai kwamba anayejitolea kuokoa mtu katika dharura hatadaiwa fidia kwa madhara yaliyotokea akiokoa. Neno moja la hakimu, miaka kumi ya kulifuta.

India walikuwa na shida inayofanana na yetu hasa, maana kwao ilikuwa polisi na hospitali. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu yao iliupa mwongozo nguvu ya sheria: anayemleta majeruhi asizuiliwe hospitali, asidaiwe pesa ya matibabu, asilazimishwe kutaja jina, na akitaka kuwa shahidi iwe kwa hiari yake. Mwaka 2019 wakaingiza kinga hiyo kwenye sheria ya magari. Kenya nao, Katiba ya 2010, ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Wakenya wenyewe watawaambia kwamba bado mtu anaulizwa amana mlangoni. Lakini anayeulizwa anajua kwamba amedhulumiwa, na ana ibara ya kuitaja.

Wapo watakaowashauri mfanye kama Ujerumani na Ufaransa, ambako kumpita mtu aliye hatarini wakati ungeweza kumsaidia ni kosa la jinai. Nawaombeni msije na hilo hapa. Mkilileta, siku ya kwanza watakamatwa mama lishe na fundi viatu, kwa sababu ndio walio karibu na ndio wasio na wakili. Watu hawahitaji kiboko ili wasimame. Wanahitaji waachwe wakishamaliza.

Hofu nyingine hamuwezi kuitoa kwa sheria peke yake, lakini mnaweza kuipunguza. Ukiinama juu ya mtu aliyelala chini ukaanza kupekua mifuko yake kutafuta simu, anatosha mpita njia mmoja aliyefika mwisho, asiyejua kilichoanza, apige kelele "mwizi!" Hapo hapana wa kuuliza. Ndiyo maana hapa kwetu tumejiwekea utaratibu: mifuko haipekuliwi na mtu mmoja, na simu inaletwa kwangu dirishani mbele ya watu. Wanadhani wakala anaweza kujua kila namba ni ya nani. Kitochi hakina shida, naangalia namba ya mwisho, mara nyingi imeandikwa "Mama Watoto" au "Bosi". Simu kubwa zimefungwa kwa alama ya kidole, na mwenye kidole amezimia. Nimewahi kumshika mtu kidole nikakibonyeza kwenye simu yake mwenyewe huku natetemeka, nikijua kwamba akiamka akakosa shilingi, mimi ndiye mwenye kibanda kinachojulikana kilipo.

Na sasa la kwangu binafsi, msije mkadhani naandika kama malaika. Kuna mzee alikaa chini kwenye msingi wa ukuta, akaanza kuyumba, akalala. Maneno yake yalikuwa yanavutana. Mtu akasema, "Pombe hiyo." Mimi nikiwa nimekaa palepale nikaongezea, "Na mchana wote huu." Tukamwacha. Alikaa pale muda mrefu mpaka akapita binti mmoja, sijui alikuwa anasomea nini, akamnusa, akasema huyu hanuki pombe, akaomba soda yenye sukari. Mzee alipokunywa kidogo kidogo akarudi duniani. Alikuwa amejichoma sindano ya kisukari asubuhi halafu hakula. Baada ya siku chache alikuja kunishukuru, akidhani mimi ndiye niliyetoa soda. Nilimwambia siyo mimi, lakini sikumwambia nilichosema.

Nimesoma kwamba mwaka 1969 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio walilofanya kwenye treni za chini ya ardhi za New York: mtu anajifanya kuanguka mbele ya abiria. Alipokuwa na fimbo ya kutembelea, abiria walimsaidia wenyewe mara 62 kati ya 65. Alipokuwa ananuka pombe na chupa mkononi, mara 19 kati ya 38. Mji ule unasemwa duniani kote kwa ukatili wa watu wake, kumbe mwenye fimbo walikuwa wanamwinua karibu kila mara. Tofauti ni kile wanachodhani wamekiona.

Hapo ndipo inapoingia Wizara ya Afya, na hapo nataka kukaa kidogo. Watu wetu wakifika kwa aliyeanguka, hawajui cha kufanya. Wa kifafa anapachikwa kijiko mdomoni mpaka meno yanavunjika, ananusishwa kitunguu au kiberiti kilichozimwa. Wengine hawamgusi kabisa, kwa kuwa wameambiwa tangu utotoni kwamba povu lile linaambukiza, au kwamba akijamba wakati ameanguka na wewe upo karibu umeshaupata. Imani hii ni ya zamani na ina madhara. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, ambako kifafa ni kingi kuliko kawaida, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, na alikuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto: mtu alianguka jikoni, na wenzake waliogopa kumvuta. Miaka zaidi ya 60 imepita, na hapa jijini bado namwona mtu anajitupa kwenye lami, watu wamefanya duara, na katikati ya duara hakuna mtu.

Ni mambo matatu ya kufundisha, siyo kozi ya miezi sita. Mlaze ubavu. Usimtie kitu mdomoni. Akiwa ameanguka kutoka juu au amegongwa, usimvute shingo. Vijana wa boda wana vyama vyao, wana viongozi wao wa vijiwe, na kila kijiwe kina orodha ya majina. Mganga Mfawidhi wa kituo cha afya cha kata akija asubuhi moja kwa mwezi, saa mbili, wakati biashara imelala, atawakuta wamekaa juu ya pikipiki wanabishana kuhusu Simba na Yanga. Watamsikiliza. Hao ndio watu wa kwanza kufika kwenye ajali zetu, mkitaka msitake.

Na namba. Mtu akianguka hapa tunapiga namba gani? Polisi ni 112, Zimamoto ni 114. Mjamzito na mtoto mchanga wana 115 ya m-mama, mpango wa serikali wa kuwawahisha hospitali, na hiyo nataka niisifu, kwa sababu mmeonyesha wenyewe kwamba inawezekana. Simu ni bure, inapokelewa na mtu aliyesomea kupokea, na gari la wagonjwa likiwa mbali anaitwa dereva wa kijiji chenyewe aliyekwisha kuingia makubaliano, anambeba mama, na analipwa nauli yake kwa simu. Halazwi kituoni kuulizwa ndiye aliyempa mimba. Serikali ileile, nchi ileile, barabara zilezile. Kama dereva wa Shinyanga anaweza kumbeba mgonjwa akalipwa, kwa nini dereva wa Dar es Salaam ambebe mgonjwa azuiliwe pikipiki?

Tangu 2010 Muhimbili kuna idara kamili ya tiba ya dharura, na madaktari bingwa wa fani hiyo wanafundishwa hapahapa nchini. Kazi yao inamkuta mgonjwa akishaingia mlangoni. Kipande cha kutoka kwenye mtaro wangu hadi mlangoni kwao kimeachwa kwa mama lishe, fundi viatu na kijana wa boda.

Kwa hiyo Waheshimiwa, Wabunge leteni kifungu kifupi kinachosema kwamba aliyemsaidia majeruhi kwa nia njema hatazuiliwa yeye wala chombo chake, hatadaiwa gharama, na atatoa maelezo kwa hiari yake. Afya na Mambo ya Ndani kaeni meza moja mtoe waraka mmoja, wenye sahihi mbili, unaosema matibabu kwanza, fomu ataileta polisi au ndugu. Nasema sahihi mbili makusudi, kwa sababu nikiwa na ya Afya peke yake, polisi ataniambia mkubwa wake hajasema.

Na waraka huo usiishie kwenye mafaili. Uchapeni kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili cha kawaida, ukabandikwe mapokezi ya kila hospitali na kaunta ya kila kituo cha polisi, mahali ambapo anayeuliza na anayeulizwa wote wawili wanauona. Mkiuchapa, nileteeni nakala moja. Nitaibandika ubavuni mwa kibanda, upande wa mwembe, chini kidogo ya bei za vocha. Ndiko vijana wa boda wanakokaa kivulini mchana, na yule ninayemsema hukaa wa mwisho, karibu na mtaro.

Wenu,
Wakala wa kituoni, Dar es Salaam